Madebe Matatu ya Mkaa Ili Shule Ifunguliwe

Redio ndiye aliyeanzisha, kama kawaida yake. Alifika kijiweni saa nne asubuhi, kiredio begani, barakoa imefunika kidevu peke yake, akaketi juu ya ndoo ndani ya duara lake na kusema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani asiyempenda:

"Wizara imeunda kamati ya kuangalia kama iko haja ya kuunda kamati ya kufungua shule."

"Acha uongo," akasema Wembe, kinyozi.

"Nimesikia kwa masikio haya haya. Saa mbili, habari kwa kifupi. Saa tatu wakarudia, tena kwa furaha."

Maduara yale aliyachora bwana afya kwa chokaa, miezi minne iliyopita, ugonjwa ulipoingia. Benchi la zamani likapigwa marufuku, kila mtu akaambiwa aje na kikalio chake na akae hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Bwana afya alidhani ameua kijiwe. Alichoua ni siri. Zamani watu walinong'ona, sasa wanapiga kelele. Wembe alipotaka kumwuliza mwenzake kwa faragha kuhusu dawa ya bawasiri, hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alitoa ushauri wake, na wapita njia wawili wakaupinga.

"Zifunguliwe leo," akasema Brashi. "Leo hii. Kamati ya nini tena?"

Brashi ndiye mwenye mkasa huu, hata kama angefurahi ukiwa wa mtu mwingine. Ni mchora mabango. Kuanzia kituo cha basi hadi zahanati hakuna mlango usio na mkono wake: herufi nene za bluu, kivuli chekundu, na kistari chini kinachopinda mwishoni kama mkia wa paka aliyeshiba. Watu waliwahi kutoka mitaa mingine kumfuata.

"Wewe una mtoto mmoja, unalia nini?" Redio akamwuliza. "Mimi nina sita. Wamekula mpaka kalenda."

"Mmoja, ndiyo. Lakini anauliza maswali ya watoto tisa."

Wakacheka, na Brashi akacheka nao. Kilichokuwa moyoni mwake hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Brashi hakujua kusoma. Mteja akimletea karatasi, yeye alichora yale maandishi mstari kwa mstari, kama mtu anavyochora kuku kwa kumtazama kuku. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyejua isipokuwa mkewe. Sasa shule zimefungwa, binti yake wa darasa la nne yuko nyumbani kutwa, na kila jioni anakuja na daftari: "Baba, hapa wanasema nifanye nini?" Brashi humwambia aende kwa mama yake, macho ya baba yameingia rangi. Lakini macho hayawezi kuingia rangi kila siku kwa miezi minne, na mtoto alikuwa ameshaanza kumtazama kwa jicho la shaka. Brashi alikuwa akiliogopa lile jicho kuliko ugonjwa.

"Mimi nataka zifunguliwe kwa sababu za kiafya," akasema Wembe. "Vichwa vya watoto vimekuwa misitu. Juzi nimenyoa mmoja nikakuta kitana ndani. Mama yake alikuwa akikitafuta tangu shule zifungwe, ameshagombana na wifi yake kwa ajili ya kile kitana."

"Sokoni watu wanabanana," akasema Redio. "Stendi wanabanana. Mpirani ndiyo usiseme. Kwani kirusi kinajua hili soko nipite, hii shule niingie?"

"Nyamazeni mnisikie mimi mwenye taaluma," akasema Ticha.

Ticha ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya mtaa. Tangu shule zifungwe alikuwa hana wa kumfundisha, kwa hiyo alitufundisha sisi wote tupitao pale, tutake tusitake. Alikunja mguu juu ya kreti lake la soda, akainua kidole.

"Darasani kwangu wako tisini na sita. Sasa wapange kwa hatua mbili mbili. Nimepiga hesabu. Wa kwanza atakaa ubaoni, wa mwisho atakaa kwenye bucha."

"Wa buchani atasikiaje?"

"Hata zamani wa nyuma hawakuwa wakisikia."

"Na wewe ukifundisha na barakoa, watajuaje kwamba unafundisha?"

"Watajua kwa kuwa nitakuwa nimekasirika."

Shangazi akapita akimimina kahawa. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale, ila kila mtu alimwogopa kama shangazi wa kuzaliwa. Jiko lake, birika lake na vikombe vyake kumi na viwili ndivyo kijiwe chenyewe. Hao wengine ni mapambo. Redio akaonja, akakunja uso.

"Shangazi, hii kahawa ina homa ya kushuka. Haina moto."

"Kunywa hivyo hivyo."

"Siku ya tatu leo."

"Nimesema kunywa."

Redio akanywa. Ticha akaendelea pale alipoachia.

"Hiyo kamati ya wizara inajisumbua bure. Masharti ya kufungua yameshatoka. Yako kwenye geti la shule tangu Ijumaa, kila mwenye macho ameyasoma."

"Bango langu hilo!" Brashi akasema, kifua kikamjaa. "Nimelipiga mikono mitatu ya rangi. Mvua hailitoi."

"Kazi nzuri, Brashi. Nzito, lakini nzuri. Mimi nimelishika kwa moyo." Ticha akasimama wima ndani ya duara lake, kama mtoto mbele ya mkaguzi, akakariri: "Mkaa, madebe matatu. Maharage, kilo tano. Sabuni, miche minne. Dawa ya mende. Kamba ya kuanikia nguo. Mswaki mmoja, laini. Na usirudi mikono mitupu kama juzi."

Kikombe cha Brashi kilisimama njiani.

Kwa sababu hilo silo bango aliloagizwa. Ijumaa jioni Mwalimu Mkuu alipita kwake juu ya pikipiki, injini inanguruma, anakimbilia kwao kabla barabara hazijafungwa. Akamtupia karatasi. "Andika haya, makubwa, leo leo. Yanasema tu shule imefungwa hadi itakapotangazwa." Akaondoka, na simu yake haijapatikana tangu hapo. Brashi alipoigeuza ile karatasi aliona imeandikwa pande zote mbili. Upande mmoja mistari miwili, upande wa pili mistari saba. Akafikiri sana. Serikali haijawahi kusema jambo kwa mistari miwili. Akachagua ile saba.

Sasa ndipo alipoelewa: alikuwa amepaka kwenye geti la shule, kwa bluu na kivuli chekundu, orodha ya sokoni ya mke wa Mwalimu Mkuu.

"Lakini hayo masharti mimi sijayaelewa yote," Wembe alikuwa akisema. "Mkaa wa nini?"

"Wa kuchemshia maji ya kunawa," akasema Ticha bila hata kupepesa.

"Maharage?"

"Kinga ya mwili. Mtoto akishiba maharage, ugonjwa unamwona unageuka."

"Hata mimi ningegeuka," akasema Redio. "Na mende anahusikaje?"

"Huo ni utafiti mpya. Walianza na popo, sasa wamefika kwa mende. Wewe mwenye redio ndiye wa kuniuliza mimi?"

Redio hakupenda. Mtu wa habari hakubali kupitwa na habari. "Nilisikia," akasema haraka. "Nilisikia, nikawa nimesahau. Na kamba ni ya kupimia umbali. Kila mtoto anafungwa kwa kamba yake."

"Na mswaki?"

Hapo wote wakamtazama Ticha. Ticha akatazama juu kidogo, kama mtu anayesubiri taarifa kutoka makao makuu.

"Mswaki ni kipimo. Si mmewahi kuona wanavyopima? Kile kijiti cha kuingiza puani."

"Wataingiza mswaki puani mwa mtoto?"

"Ndiyo maana wameandika laini."

Wembe akashika pua yake. "Na hiyo ya mikono mitupu?"

"Glavu."

"Na juzi je? Kama juzi, juzi gani?"

"Juzi ni lile wimbi la kwanza," akasema Ticha. "Serikali ina kumbukumbu."

Ingekuwa siku nyingine, Brashi angecheka mpaka aanguke toka kwenye kikalio chake. Leo alikodolea macho kahawa yake. Alijiambia anyamaze. Mwalimu Mkuu akirudi atalifuta mwenyewe, na yeye atasema ni pepo tu. Au atasema alikuwa na homa. Kama watu wamebeba maharage shuleni, sawa. Maharage hayajaua mtu, mlinzi wa shule atakula. Alijikausha kama ukuta na kuinua kikombe.

"Maliza hiyo nikioshe," Shangazi akamwambia. "Ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho leo?"

"Ya mwisho kabisa. Kuanzia kesho sichemshi."

Kijiwe kizima kikanyamaza, jambo ambalo bwana afya na chokaa yake hawakuliweza. Redio ndiye aliyepata sauti kwanza. "Shangazi, una utani wewe?"

"Nina wajukuu watatu, sina utani. Kila mtoto madebe matatu, hayo ni tisa. Jumamosi nimepeleka mkaa wangu wote. Hizi siku tatu nachemsha kwa vijiti vya kuokota, ndiyo maana mnakunywa homa ya kushuka. Bado maharage kilo kumi na tano. Leo saa kumi anakuja mtu kuchukua jiko na birika." Alisema hayo huku akipangusa kikombe kwa kitambaa. "Mama yao aliniachia neno moja tu, kwamba wasome. Sitakuwa mimi wa kuwarudisha getini kwa ajili ya debe la mkaa."

"Sasa sisi tutakaa wapi?" Wembe akauliza, na tumpe haki yake, alijiona mjinga hapo hapo.

Brashi akaweka kikombe chini. Alitaka kumvuta Shangazi kando amnong'oneze, lakini yeye alikuwa duara la pembeni kabisa na Shangazi alikuwa kule kwenye jiko lake, na akitoka tu kwenye duara Ticha angepiga kelele za umbali. Hapakuwa na kando. Palikuwa na barabara, fundi baiskeli, na watu.

"Shangazi, usiuze," akasema.

"Nini?"

"Nimesema usiuze birika! Lile bango si la serikali!"

"Ni la nani?"

"La mke wa Mwalimu Mkuu. Ni orodha yake ya sokoni."

Wakaangua kicheko. Redio alijipiga paja. "Brashi leo kaamka vizuri! Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilipewa karatasi yenye pande mbili, nikachora upande usio wenyewe."

"Mtu anakoseaje upande?" akasema Ticha, ambaye kicheko chake kilikuwa kimeanza kufa. "Maandishi si unayaona?"

"Nayaona. Siyasomi."

"Hukuyasoma kwa haraka, unataka kusema."

"Ticha, sijui kusoma!" Alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, kwa kuwa hatua mbili mbili zilishamzoesha kupaza sauti. "Sijui sasa, sikujua zamani, sijawahi kujua!"

Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli aliacha kupiga nyundo. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akaitua.

"Huo ni uongo," akasema Ticha, na sasa alikuwa na hasira ya kweli. Siku nne alizunguka mtaa mzima akifafanua mende. "Mtu anayeandika vile hawezi kukosa kusoma. Umetumwa unidhalilishe."

Akaokota kijiti, akavuka duara lake bila kujijua, akainama mbele ya Brashi na kuandika mchangani, herufi kubwa kubwa.

"Haya. Soma."

Brashi akachutama. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, jicho moja amelifumba.

"Hii ya kwanza umeipanua miguu mno. Ya pili ni ile ile, umeipindua chini juu. Haya mayai mawili hayalingani, la mwisho limekonda. Ningekuwa mimi ningelipa kivuli upande wa kulia."

"Sikukuuliza zina sura gani. Inasema nini?"

"Sijui."

"Kisia."

"Sijui, Ticha. Wallahi sijui."

Ticha akashusha kijiti. Kisha akafuta yale maandishi kwa mguu, haraka haraka. "Nilikuwa nimeandika mwongo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe sauti yake ilikuwa ya chini.

Shangazi alikuwa amesimama juu yao, mikono kiunoni. Brashi hakuthubutu kuinua uso.

"Kwa hiyo mkaa wangu."

"Uko kwa mlinzi, Shangazi."

"Madebe tisa. Nimeyabeba kwa kichwa, safari tisa, mgongo huu. Na wewe Jumamosi ulinipisha njia pale kona, ukaniamkia, ukaniuliza nahamia wapi."

"Sikujua kama ni kwa ajili ya bango. Nimejua sasa hivi, Ticha alipolikariri."

"Na sasa hivi ulipojua, mbona umekaa kimya mpaka nimetaja birika?"

"Niliona aibu."

"Ulitaka aibu yako niibebe mimi kichwani." Akavuta pumzi, akajifunga kitambaa kiunoni, akachukua karai. "Haya. Umesema. Wengine wangeniacha niuze. Lakini mwanao asilipate hili kwa fundi baiskeli. Nenda ukamwambie wewe, kabla ya chakula cha mchana. Na ukitoka huko, chukua rangi ukafute ule upumbavu getini."

Akaondoka kuelekea shuleni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumharibia mlinzi siku. Yule mwanamke wa ndoo akamfuata nyuma. Naye alikuwa na maharage yake kule.

Brashi akasimama, akajipangusa mchanga magotini. Safari ya kwenda nyumbani ilikuwa ya dakika tano na hakuwahi kuiona ndefu namna ile. Alikuwa akitafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia binti yake, na zote zilikuwa zinaanza na macho kuingia rangi. Hapo Wembe akamkatiza.

"Brashi. Pale kwangu juu ya mlango umeandika nini?"

"Ulichonipa kwenye karatasi."

"Ile karatasi niliandikiwa na shemeji yangu." Wembe akakitupia jicho kibanda chake. "Shemeji yangu hanipendi."

"Basi nenda kasome," akasema Redio. "Si pale tu, hatua thelathini?"

Wembe hakutikisika. "Ticha, twende wote."

"Mimi wa nini?"

"Twende tu. Miwani nimeisahau nyumbani."

"Wembe, wewe huna miwani."

Palipita pikipiki, ikapita nyingine. Wembe alitazama viatu vyake kama mtu anayetaka kuvinunua. Redio, ambaye angekuwa wa kwanza kucheka, alishusha kiredio begani na kuanza kukizungusha kitufe, ingawa kilikuwa kimezimwa. Brashi aliona yote hayo na kifua kikalegea kidogo. Miaka sita Wembe amenyoa chini ya lile bango, na mara zote mbili walizogombana alimwambia Brashi kwamba mtu asiyesoma magazeti hana la kusema mbele za watu.

Ticha akatangulia, Wembe akafuata, Redio akafuata, na Brashi, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa bado, akawa wa mwisho. Wakasimama mbele ya kibanda cha Wembe, shingo juu. Ticha akakohoa.

"Kinyozi wa kisasa. Watoto na watu wazima. Karibuni wote."

Wembe akapumua kwa nguvu mpaka barakoa yake ikainuka. "Ndivyo ilivyoandikwa? Hakuna kingine huko pembeni?"

"Hakuna."

"Kumbe shemeji ni mtu." Akamgeukia Ticha. "Soma tena."

Ticha akasoma tena.

"Polepole. Kinyozi ni lipi hapo?"

Ticha akanyoosha kijiti. Wembe akavuta kiti chake cha kunyolea hadi mlangoni, akapanda juu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Redio akasogea, eti anamshikia kiti. Brashi naye akajipenyeza mbele. Lile bango alilichora siku mbili akiwa juu ya ngazi, analijua kila pindo, na hakuwahi kusikia linachosema hadi asubuhi hii.

"Ticha," akasema. "Hiyo anayoishika. Yenye mguu mmoja mbele. Inaitwa nani?"

Ticha akawatazama wote watatu. Akavuta barakoa hadi shingoni, akapiga kijiti chake kiganjani mara mbili, na mgongo wake ukanyooka kama haujapata kuinama.

"Kwanza kimya," akasema. "Anayeongea nitamtoa nje."

Wakanyamaza, ingawa wote walikuwa nje tayari.